AM4, LGA1700 au AM5: madabodi ipi uchukue ukijenga PC ukiwa Mbeya, na draiva zake unazipangaje

Mwezi wa saba mwaka ule, na baridi ya Uyole mnaijua, nilikaa chini kwenye mkeka na PC yangu ya kwanza kuijenga mwenyewe. Feni zinazunguka vizuri tu, taa ndogo nyekundu inawaka pembeni ya neno CPU, skrini nyeusi tii. Nikachomoa RAM nikarudisha, nikabadilisha kebo ya HDMI, nikazima nikawasha mpaka vidole vikafa ganzi. Wapi.

Nilikuwa na madabodi ya B450 niliyoichukua mtumba na prosesa mpya ya Ryzen 5 5600G, zote soketi AM4, muuzaji kaniambia zinaingiliana na hakunidanganya, zinaingiliana kweli. Tatizo BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashine) iliyokuwemo kwenye ile madabodi ilikuwa ya 2019 na 5600G imeingia madukani 2021, sasa BIOS itaijuaje prosesa ambayo ilikuwa haijazaliwa? Dawa yake ni kuapdeti BIOS, ila ili uapdeti lazima madabodi iwake, na ili iwake inataka prosesa ya zamani ambayo inaifahamu. Mbeya hii utaitoa wapi? Nilizunguka Mwanjelwa, nikaenda Kabwe, nikapanda mpaka Sokomatola. Mafundi wetu wengi ni wa simu na laptopu, wako vizuri sana kwenye kazi zao, lakini prosesa ya Ryzen ya zamani iliyokaa tu kabatini ya kumwazima mtu hakuna. Mmoja akanambia ni pawasaplai, mwingine akasema madabodi imekufa. Siku ya kumi na moja ndo nikaelekezwa kwa kijana anayesoma chuo cha MUST, amepanga Iyunga, ana Ryzen 3 2200G kwenye PC yake. Tukaichomoa, tukaipachika kwenye madabodi yangu, ikawaka pale pale, tukaapdeti, dakika ishirini tumemaliza.

Kwa hiyo ulinganisho wangu hauanzi na ipi ina spidi kuliko mwenzake, hizo video ziko nyingi. Mimi naanza na swali hili: ikigoma usiku wa kwanza, una uwezo wa kuinasua kwa vitu ulivyo navyo hapo hapo nyumbani? Aliye Dar anarudi Kariakoo kesho yake asubuhi anabadilishiwa. Sisi wa huku ni parseli ya basi, kilomita zaidi ya 800, ipite Makambako, ishuke Kitonga, ikatize Mikumi, muuzaji aikague akiwa na nafasi, afu irudi njia ile ile. Iringa na Njombe hali ni hiyo hiyo, umbali tu ndo unapungua.

Kwanza tuelewane kinachotakiwa kukubaliana

Watu wanaangalia soketi peke yake na hapo ndipo wanapoingia chaka. Kuna soketi, yaani pale prosesa inapokaa, AM4 na AM5 ni za AMD, LGA1700 ni ya Intel. Kuna chipseti (B450, H610 na wenzake), ile chipu ya madabodi inayoamua familia gani ya prosesa inakubalika, una njia ngapi za SSD na USB, na kama unaruhusiwa kuongeza spidi ya prosesa au RAM. Afu kuna BIOS, programu iliyomo ndani ya madabodi, ambayo ndo inazijua prosesa kwa majina. Zote tatu zikubaliane, mbili hazitoshi.

Mfano ambao umewaliza wengi ni Intel LGA1151. Kizazi cha 6 na cha 7 wanakaa kwenye chipseti za mfululizo wa 100 na 200, kizazi cha 8 na cha 9 wanataka mfululizo wa 300, na soketi ukiitazama kwa macho ni ile ile, prosesa inaingia kabisa na kufunga inafunga, ila haiwaki. LGA1200 nayo ina mtego wake, H410 na B460 zinachukua kizazi cha 10 tu, ukileta cha 11 zinakataa japo soketi ni moja. Kwa hiyo ukiambiwa na muuzaji "inaingia", muulize tena, inaingia au inawaka? Halafu usimtegemee yeye, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi, tafuta modeli yako herufi kwa herufi, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika. Kila prosesa pale imeandikwa inaanza kukubalika toleo gani la BIOS. Hiyo namba ndo unamuuliza muuzaji kabla hujatuma hela: bosi, hii uliyo nayo ina BIOS toleo gani? Akiiwasha akakupigia picha ya skrini ya BIOS, toleo limeandikwa pale. Akikataa kuiwasha mimi siendelei naye.

AM4: A520, B450, B550

Hii ndo iliyojaa sokoni na kwa mtumba ndo rahisi kuipata. Inatumia RAM za aina ya DDR4, na hilo lina uzito kwa sababu bei za RAM zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, na huku kwetu DDR4 za mtumba unaweza ukazipata kwa watu wanaovunja mashine zao.

B450 ni ya 2018. Inachukua kuanzia Ryzen za mwanzo mpaka za 5000, ila za 5000 mpaka BIOS iwe mpya, na hilo limenikuta. Njia zake za kupitisha data ya kadi ya grafiki na SSD ni PCIe 3.0, toleo la zamani kuliko 4.0. B550 ni ya katikati ya 2020, inakupa PCIe 4.0 kwa kadi ya grafiki na kwa SSD moja ya M.2 (ile ndogo inayopachikwa kwenye madabodi yenyewe), ila hairudi nyuma sana, Ryzen za 1000 na 2000 haizikubali, hata 3200G na 3400G rasmi hazimo japo jina linaanza na 3. A520 ni mdogo wake, imetoka 2020 hiyo hiyo, PCIe 3.0, na prosesa huwezi kuiongezea spidi.

Sasa watu wanashupaa lazima B550 kwa sababu ya PCIe 4.0 afu wanaweka 5600G au 5500 juu yake. Prosesa hizo mbili zenyewe ni PCIe 3.0, ukiziweka kwenye B550 unabaki na 3.0, umelipia njia ambayo gari lako haliwezi kupita. Kama unakwenda na 5600G chukua A520 nzuri au B450 yenye BIOS mpya, hela inayobaki ongeza RAM, tena ziwe vipande viwili na siyo kimoja, maana grafiki ya ndani ya 5600G inakula RAM hiyo hiyo na ikiwa kipande kimoja inapungua nguvu vibaya sana. Na uangalie kadi utakayokuja kuongeza baadaye. RX 6500 XT kwa mfano inatumia njia nne tu, ukiipachika kwenye PCIe 3.0 inapoteza nguvu inayoonekana kabisa kwenye gemu. RX 6600 ina njia nane, yenyewe hainyanyasiki kiasi hicho.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho kwa mtu wa Mbeya kinaipandisha B550 juu ya wenzake, nacho ni BIOS flashback, yaani kuapdeti BIOS kwa kitufe tu. Siyo kila B550 inayo, na kuna B450 chache zinayo, kwa hiyo tazama nyuma ya madabodi, penye milango ya USB, kama kuna kitufe kidogo na mlango mmoja wa USB uliowekewa alama. Ukiwa nacho huhitaji prosesa wala RAM. Unachomeka pawasaplai, ile kebo ya pini 24 na ile ya pini 8, unaweka flashi yenye faili la BIOS, unashikilia kitufe sekunde chache mpaka taa ianze kupepesa, unaiacha. Flashi ifomatiwe FAT32, na faili ulipe jina haswa linalotajwa kwenye kitabu cha madabodi, ukikosea herufi moja itapepesa mara tatu nne itanyamaza na utadhani mbovu. Mimi madabodi yenye hicho kitufe nailipia zaidi bila kusita, ndiyo kitu pekee ambacho kingenipunguzia siku zote zile za kutembea na madabodi kwenye begi.

Kama ni mpya ya boksi, angalia kama boksi lina stika inayosema iko tayari kwa Ryzen 5000. Na kama ni 5600G au 5500 hakikisha na ile orodha kabisa, zimekuja nyuma ya wenzake kwa hiyo BIOS yake ni mpya zaidi.

LGA1700: H610, B660, B760

Huku kwa Intel ndo ninakowapeleka wengi siku hizi, na sababu ni moja tu rahisi. Prosesa za kizazi cha 12, i3-12100 na i5-12400, zinawaka kwenye madabodi yoyote ya mfululizo wa 600 au 700 tangu siku ya kwanza imetoka kiwandani. Hakuna habari ya BIOS ya zamani, kwa sababu soketi yenyewe ilianza na kizazi hicho mwishoni mwa 2021. Unaagiza, inafika stendi, unapachika, inawaka. Wa mbali na duka anahitaji hivyo.

Ukipanda kizazi cha 13 au 14 kwenye madabodi ya mfululizo wa 600 ile hadithi ya BIOS inarudi, inabidi iwe imeapdetiwa. Na kuna jambo lingine la 13 na 14 lazima niliseme, zile za daraja la juu, i7 na i9 hasa, zilikuwa na tatizo la volti linalozichakaza taratibu mpaka zinaanza kukrashi, Intel wakatoa marekebisho kupitia BIOS, toleo la 0x129 mwezi wa nane 2024 na 0x12B mwezi uliofuata, na wakaongeza waranti miaka miwili. Marekebisho yanazuia, hayaponyi iliyokwisha chakaa. Kwa hiyo i9 ya mtumba ya kizazi hicho ambayo huijui imeishije, kaa nayo mbali. Kizazi cha 12 hakina tatizo hilo.

Mtego mkubwa wa LGA1700 ni RAM. Madabodi zake zipo za DDR4 na zipo za DDR5, chipseti hiyo hiyo, jina karibu lile lile, tofauti unakuta ni "D4" mwishoni mwa modeli. Nafasi ya DDR5 haipokei DDR4, mkato wa katikati haulingani, na usijaribu kulazimisha. Kuna mdogo wangu mmoja wa Iringa alinipigia, "Shikamoo kaka, RAM haiingii nimebonyeza mpaka kidole kinauma," nikamwambia marahaba, toa mkono hapo kwanza, nipigie picha. Kaagiza B660 ya DDR5 na mkononi ana DDR4 mbili za mashine yake ya zamani. Bahati yake hakuvunja kitu.

H610 ndo ya bei ya chini, mara nyingi nafasi mbili za RAM, RAM huwezi kuiongezea spidi zaidi ya ile rasmi ya prosesa, ambayo kwa kizazi cha 12 ni 3200 kwa DDR4, na SSD ya M.2 inakwenda kwa PCIe 3.0. Kwa ofisi, shule, stationari, mtu wa kuhariri picha za harusi, inatosha kabisa. B660 inakupa RAM yenye spidi zaidi, SSD ya PCIe 4.0, na kwa kawaida vyuma vya kupoza umeme wa prosesa vilivyo bora. B760 na B660 kwa matumizi yetu usivunje kichwa, chukua iliyo na bei nafuu. Kuongeza spidi ya prosesa hizi zote haziruhusu, hiyo ni kazi ya Z690 na Z790.

Tahadhari ya herufi F. 12100F na 12400F hazina grafiki ndani, bila kadi hupati picha hata ya BIOS. AMD nako Ryzen 5 5600 ya kawaida na 5500 hazina, 5600G inayo. Ukijenga huku chukua yenye grafiki ndani hata kama una kadi, siku kadi ikileta shida unachomoa unaendelea na kazi, huna haja ya kusubiri parseli na PC imelala.

AM5: A620, B650

Imeanza mwezi wa tisa 2022 na Ryzen 7000, ni DDR5 peke yake. Uzuri wake ni mbele, AMD wamesema wataendelea kuiunga mkono mpaka 2027 na kuendelea, wakati LGA1700 haina kizazi kingine, Intel walihamia LGA1851 mwezi wa kumi 2024. Kwa hiyo mtu anayejenga leo kwa Ryzen 5 7600 kwenye B650 anaweza miaka kadhaa mbele akabadilisha prosesa tu. Ryzen 7000 nyingi zina grafiki ndogo ndani, ya kuonesha picha tu siyo ya gemu, isipokuwa zile za F kama 7500F. A620 haina kuongeza spidi ya prosesa, B650 inayo. Za 9000 na zile za 8000G kwenye madabodi ya mfululizo wa 600 zinaweza kutaka BIOS mpya, ila B650 nyingi zina kile kitufe cha flashback, kwa hiyo hapo siwi na wasiwasi sana.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia, mara ya kwanza kuiwasha AM5 inakaa skrini nyeusi dakika kadhaa. Inajifunza RAM, inazipima moja moja. Mimi niliishika saa mkononi, dakika ya pili moyo unadunda, ya tatu nikawa nimeshapeleka kidole kwenye swichi, nikajizuia, ndo picha ikaja. Ukizima katikati inaanza upya na wewe unazidi kuamini imekufa. Iache hata dakika kumi, nenda kachemshe chai. Na wakati huo uwe kwenye UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika.

Nimeitaja UPS, nikazie hapo hapo. Kuapdeti BIOS umeme ukakatika katikati ni hatari kuliko yote niliyoandika humu, madabodi isiyo na flashback inaweza isiamke tena. Usiapdeti radi zikianza kuunguruma upande wa mlima Loleza, na huku kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua na radi ni za kila siku. UPS ya mtumba yenye betri inayokaa dakika kumi inatosha. Huna, kaazime, hata kwa mtu wa stationari, umlipe ya soda.

Njia mbili za mkato ambazo mnaniuliza sana

Madabodi za kichina za X99 na Xeon E5 (prosesa za seva za Intel) za mtumba, mfano E5-2670 v3 yenye kori 12. Namba zinavutia na kwa kurenda (kutoa video na picha za 3D) zinafanya kazi. Lakini hazina grafiki ndani, umeme zinakula, BIOS mpya hupati kwa mtengenezaji, Windows 11 rasmi haizitambui. Kwa anayependa kujifunza na ana muda, sawa. Kwa mtu anayetafuta mkate kwa hiyo mashine, hapana.

Nyingine ni zile mashine za ofisi za mtumba za Dell na HP. Kama zilivyo ni nzuri na zinadumu. Kuzichukua ili uzijenge upya ndo shida, nyingi pawasaplai yake na plagi zake za madabodi ni za kwake peke yake, ile ya kawaida ya pini 24 haiingii.

Draiva: AMD na Intel hazisumbui kwa namna moja

Hapa naomba tutulie kidogo maana wengi wanadhani PC ikiwaka kazi imekwisha.

Kabla hujapiga Windows, nenda kwenye kompyuta ya mtu au hata ya intaneti kafe, fungua ukurasa wa madabodi yako, shusha draiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) za chipseti, LAN (mtandao wa waya), Wi-Fi kama inayo, sauti, na BIOS mpya, weka zote kwenye flashi ya pekee na siyo ile ya Windows. Bila hivyo unafika kwenye Windows 11 inakudai intaneti ili umalize kuseti, na mtandao haufanyi kazi kwa sababu hakuna draiva, na draiva iko kwenye intaneti. Umefungiwa nje na funguo iko ndani.

Hapa madabodi za bei ya chini zina unafuu wake. A520, B450 na H610 nyingi zina LAN ya kawaida ya gigabiti moja ambayo Windows inaifahamu yenyewe. B550 na B760 nyingi zina ile ya 2.5, na Windows ya zamani kidogo inaweza isiione. Lakini tuseme ukweli, ni nyumba ngapi Mbeya zina kebo ya LAN ukutani? Wengi wetu ni hotspoti ya simu. Basi tumia hivi: simu ya Android, kebo ya USB ya kuchajia ambayo pia inapitisha data, washa kushea intaneti kwa USB kwenye simu, Windows inaipokea kama LAN bila draiva yoyote. Imeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ikishaingia tu, nenda kwenye seting za mtandao uiambie Windows kwamba huu ni mtandao wa kulipia kwa MB, la sivyo itaanza kushusha maapdeti yake na bando la wiki linaisha kabla hujafungua hata brauza.

Mpangilio wangu ni chipseti kwanza, narestati, halafu LAN na Wi-Fi, halafu grafiki, sauti mwisho. AMD ni pakiti moja ya chipseti, ndani yake kuna mambo ya umeme na usalama wa prosesa, unabonyeza mara moja imekwisha. Intel wametawanya, kuna ya chipseti ambayo kimsingi inaipa Windows majina ya vifaa, kuna ya Management Engine, kuna ya Serial IO, na ukisahau moja unakuta alama ya njano kwenye Device Manager. Hiyo alama bonyeza kulia, nenda kwenye maelezo ya kifaa, utaona namba za VEN na DEV, nakili hizo utafute nazo, utajua ni kifaa gani hasa. Usije ukashusha zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa mkupuo, zinakujazia takataka na kukuwekea draiva zisizo zako.

Intel wana jambo lingine. Unapiga Windows, unafika pale pa kuchagua diski, SSD mpya haionekani kabisa na kwenye BIOS ipo. Mara nyingi ni VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia SSD, imewashwa. Ingia BIOS uizime, au weka draiva ya Intel RST kwenye flashi ubonyeze pale pa kupakia draiva. Uizime kabla ya kupiga Windows, ukija kuizima baadaye Windows iliyowekwa nayo haiwaki. AMD hili sijawahi kulikuta.

Na Windows 11 ikisema mashine haifai, ingia BIOS kwanza, washa vitu vya usalama inavyovidai, yaani fTPM kwa AMD au PTT kwa Intel, na Secure Boot. Windows 10 iliacha kusapotiwa tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kwa hiyo kujenga mpya leo na kurudi huko sikushauri. Anayetumia Linux huku kwote yuko huru zaidi, draiva za AMD na Intel ziko ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha Linux.

Mambo mawili ya mikono. Mwezi wa sita mpaka wa nane huku hewa ni kavu na wote tuko kwenye masweta ya manyoya, lile sweta ukilivua gizani unaona cheche. Hiyo cheche ikienda kwenye RAM imekwisha. Vua kabla ya kuanza, shika chuma cha kesi mara kwa mara. Pili, ukichomoa feni ya AM4 asubuhi ya baridi pesti ya joto iliyo kati yake na prosesa imeganda, ukivuta kwa nguvu prosesa inatoka na feni na pini zinapinda. Iwashe dakika kumi ipate moto, zima, chomoa umeme, zungusha feni kushoto kulia taratibu ndo uinue. Intel na AM5 pini ziko kwenye madabodi, hizo ukinunua mtumba mulika soketi na tochi ya simu kwa pembeni, mistari ya pini iwe imenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

Kwa hiyo ningekuwa wewe

Mwanafunzi au mwenye stationari anayetaka iwake na isisumbue, i5-12400 kwenye H610 au B660 ya DDR4, hela ikibana 12100. Mwenye DDR4 zake tayari na anataka gemu nyepesi bila kadi, 5600G kwenye A520 au B450 iliyothibitishwa BIOS kwa picha, maana grafiki ya ndani ya 5600G inaizidi wazi ile ya 12400. Mwenye mpango wa kadi kubwa na kukaa na mashine miaka mingi akibadilisha vitu taratibu, aanze na 7600 kwenye B650 yenye flashback hata kama itabidi asubiri miezi miwili ya kudunduliza. Ningependa asubiri kuliko kununua A620 ya haraka kisha ajute.

Yule kijana wa Iyunga alipomaliza chuo alibadilisha mashine, nikainunua ile 2200G yake. Iko kwenye droo yangu, kwenye kile kiplastiki chake, haina kazi nyingine. Mwenye B450 iliyogoma na yuko Mbeya, Mbalizi, hata Tukuyu, tafuta siku uje nayo Uyole, njoo na flashi yako na faili la BIOS ulilokwisha shusha, na usome kwanza kwenye ukurasa wa madabodi kama unatakiwa kupitia toleo la katikati kabla ya lile la mwisho. Mengine tutafanya wote hapa.